Bati la bibi, mikorosho ya rehani: mali gani zihesabiwe kaya ikiomba msaada wa chakula?

Mjukuu wa Newala

Wadau, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, naombeni mnivumilie, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Bibi yangu mzaa mama anaishi kijiji kimoja wilayani Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde. Umri wake umeshapita 70. Analea vitukuu 3 walioachwa na binamu yangu aliyefariki. Mwezi wa pili kijijini kulipita watu wa msaada wa chakula. Sitautaja mpango wao na naomba asiutaje mtu, nataka tuongelee jambo lenyewe. Ilikuwa mahindi, maharage na mafuta ya kula kwa miezi 3, kwa kaya zilizozidiwa.

Nilikuwepo siku ile, nilikuwa nimetoka Mtwara mjini kumpelekea sabuni na chumvi. Kijana wa dodoso alifika kama saa nne asubuhi. Kabla hajafika barazani alikuwa ameshainua macho juu ya paa, na kidole kikabonyeza kishikwambi salamu hazijaisha. Bati. Akauliza mikorosho mingapi. Bibi akajibu, 22. Simu ipo? Ipo. Kisima cha nyumbani? Kipo. Sakafu? Akachungulia mwenyewe: sementi, chumba kimoja. Akashukuru, akaondoka. Dakika 15 hazikufika. Hakuuliza jana usiku watoto walikula nini. Kama angeuliza, angeambiwa walikunywa uji wa makopa, yaani muhogo mkavu, bila sukari, na bibi mwenyewe alisema ameshiba.

Orodha iliposomwa, jina lake halimo.

Sasa nisikilizeni mali zenyewe.

Bati. Watu wa uwandani mtanielewa. Kwetu kisima cha kuchimba hakipo, maji yako chini mno, yanapatikana kule bondeni. Tunaishi kwa maji ya mvua. Bati ndilo linalokinga, mfereji unapeleka kwenye kisima cha sementi cha kuhifadhia maji kilichochimbwa uani, na hicho ndicho kinywaji, ndicho kufulia, ndicho kila kitu hadi kiangazi kikolee. Mwenye nyumba ya nyasi hawezi kukinga maji ya maana, ananunua kwa ndoo. Bati zile alizipiga marehemu babu msimu mmoja korosho zilipolipa. Leo zina kutu, mbili zimezibwa kwa lami. Kumwambia bibi ana bati ni kumwambia ana bomba.

Mikorosho 22. Miti 14 kati ya hiyo ameiweka rehani kwa jamaa mmoja kwa misimu miwili, baada ya mtoto wa katikati kulazwa. Fedha iliishia hospitali. Miti 8 iliyobaki ni mizee, haijapigwa salfa misimu miwili, ugonjwa wa ubwiri unga unaikausha maua. Msimu uliopita ilimpa kilo 19.

Simu ni ya batani, nilimpa mimi ili nijue kama yuko hai.

Kwa hiyo nauliza kwa moyo mmoja: mali gani hasa zinastahili kuhesabiwa mtu anapoomba chakula? Na zihesabiweje?

Njomba wa Tandahimba

Pole sana njomba. Mpe bibi shikamoo yetu. Kwetu jirani alikosa kwa sababu ya baiskeli. Baiskeli haina mnyororo tangu mwaka juzi, imetundikwa darini.

Mdodosaji Mstaafu

Mjukuu, shikamoo ya bibi naiongeza na ya kwangu. Nimejaza madodoso ya kaya kwa miaka mingi, Masasi, Nanyumbu na sehemu za Lindi vijijini. Mpango uliopita kwenu siusemei, nitaeleza namna mambo yanavyofanyika kwa kawaida, ili ujue pa kushika.

Mkulima hana karatasi ya mshahara. Ukimwuliza anapata shilingi ngapi kwa mwezi atakupa jibu la adabu, si la hesabu. Kwa hiyo wataalamu wanakisia matumizi ya kaya kwa kutazama vitu visivyofichika: paa, kuta, sakafu, choo, taa, wanapikia nini, wako wangapi, watoto wangapi, mkuu wa kaya alisoma hadi wapi, redio, baiskeli, pikipiki, mifugo. Kila jibu lina uzito wake. Uzito huo unatolewa kwenye tafiti kubwa za mapato na matumizi ya kaya, kule ambako maelfu ya watu waliulizwa kila walichokula na kununua. Kompyuta inajumlisha, inatoa namba. Chini ya mstari umo, juu ya mstari haumo.

Ina maana hakuna swali moja linalomtoa mtu. Bibi hakutolewa na bati peke yake. Alitolewa na bati, sementi, simu na mikorosho vilivyojipanga mstari mmoja.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Uzito ukipangwa kwa wastani wa eneo kubwa, bati la uwanda wa Makonde linasomwa sawa na bati la mahali penye bomba mlangoni. Kwa takwimu, bati ni dalili ya kaya iliyojikwamua, na mara nyingi ni kweli. Ila dalili inaonyesha kaya ilivyokuwa siku inajenga. Mzee akifa, mtoto akiugua, bati halishuki. Linabaki juu likimsemea mtu aliyekwisha kuanguka.

Kwa upande wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza 2012 hauanzi na kompyuta. Kijiji kinakaa mkutano wa hadhara, watu wenyewe wanataja kaya zilizo chini kabisa: zisizo na kipato cha uhakika, zisizomudu mlo, zenye watoto wanaokosa shule na kliniki kwa ukata. Ndipo waliotajwa wanajaziwa dodoso, wanapigiwa hesabu, halafu orodha inarudi mkutanoni watu waithibitishe. Hatua hiyo ya kurudi ndiyo dawa. Mtu akisimama akasema "huyu mikorosho yake iko kwa fulani", wote wanajua.

Swali langu kwako: hiyo orodha ilisomwa mkutanoni, au ilibandikwa tu?

Mjukuu wa Newala

Ilibandikwa kwenye mti wa ofisi ya kijiji. Nilipofika jioni mvua ilikuwa imeshailowesha nusu.

Mdodosaji Mstaafu

Basi mlango uko wazi. Nitarudi kuandika zaidi, macho yangu usiku hayanipi nafasi.

Binti Mchinga

Naandika kutoka Lindi, pwani. Nimesoma maelezo ya Mjukuu nikaona kama unaongelea nyumbani kwetu, ila kwetu badala ya mikorosho weka mtumbwi.

Baba yangu ana mtumbwi. Akiulizwa una chombo, anasema ninacho, na kwa mvuvi kukana chombo ni kama kukana mtoto. Kinachoandikwa ni "chombo: ndiyo". Hakiandikwi kuwa nyavu ni za tajiri. Wavuvi mnajua mgao ulivyo: samaki wakiuzwa yanatoka kwanza mafuta na gharama, halafu fungu la mwenye nyavu, halafu fungu la chombo, ndipo wavuvi wagawane kilichobaki. Kusi ikipiga wiki mbili hakuna anayetoka. Mtumbwi unalala mchangani, mama anakwenda kuomba unga kwa mwenye duka, anaandikwa kwenye daftari la deni.

Mwaka 2024 mwezi wa tano kilipopita Kimbunga Hidaya na barabara ya kwenda Dar ikakatika pale Somanga, huku bei ya unga ilipanda nikiiona kwa macho. Wenye mitumbwi ndio waliokaa na njaa zaidi, maana bahari ilikuwa haiingiliki. Mtu akipita siku ile na dodoso lake angewaona matajiri wa pwani.

Jambo la pili ni simu. Siku hizi misaada mingi inataka namba ya simu ili fedha itumwe, na ni vizuri, inapunguza mikono njiani. Lakini haiwezekani niambiwe niwe na simu ili nipokee, kisha simu hiyo hiyo iwe ushahidi kwamba sihitaji. Wachague moja.

Mzee wa Nachingwea

Wanangu, nimesoma kwa huruma. Lakini nitasema upande ambao hamjausema, na msinichukie.

Nimekuwa kwenye kamati za kijiji tangu enzi za chakula cha njaa cha serikali. Siku dodoso linapotangazwa, kijiji kinabadilika sura. Mbuzi wanavuka kwenda kitongoji cha pili. Pikipiki inalala kwa shemeji. Mtu ana ekari 10 za mikorosho iliyopigwa dawa vizuri, anavaa shuka lililochanika na kukaa barazani ameshika tama. Oktoba 2024 korosho zilipita shilingi 4,000 kwa kilo kwenye mnada. Mtu huyo alikunja fedha ambayo mwalimu haipati. Akaingia kwenye orodha, kwa sababu nyumba yake ni ya nyasi. Kwa nini ya nyasi? Mjini ana nyumba ya matofali anayopangisha.

Ndiyo maana nasema mali lazima ziulizwe. Tukisema mali zisihesabiwe, mahindi yatakwenda kwa wenye sauti. Bibi wa Newala amekosa kwa sababu amesema kweli, na jirani amepata kwa sababu amesema uongo. Hiyo inaniuma kuliko bati.

Na lingine, mahindi yenyewe ni machache. Magunia yakija 60 na kaya zenye njaa ni 200, mstari lazima upite mahali fulani.

Kijana wa Masasi

Mzee amenena. Mimi naona kila kinachouzika kihesabiwe, basi. Ukiwa na kitu uza, ule. Msaada ni wa asiye na cha kuuza.

Mjukuu wa Newala

Mzee wangu wa Nachingwea, shikamoo. Sikuchukii hata kidogo, hayo nimeyaona.

Kijana wa Masasi, ndugu yangu, tufanye hesabu pamoja kwa utulivu. Bibi auze nini? Bati moja kuukuu lenye kutu atapewa shilingi elfu chache, unga wa siku 4 au 5. Mvua ikinyesha pale palipofunuliwa kitanda kinalowa, na maji yaliyokuwa yaingie kisimani yanamwagika uani. Kuanzia Agosti atanunua maji. Auze jembe? Msimu ujao atalima kwa kucha? Mikorosho 8 akiiweka na yenyewe rehani, mwakani hana hata zile kilo 19.

Unajua tulivyofika hapo kwenye rehani? Kwa kufuata ushauri huo huo wa uza ule. Mara ya kwanza aliuza kangomba: korosho ziko bado kwenye maua, mtu anakupa fedha kidogo leo, msimu ukifika anabeba kilo zote. Serikali inakataza, kila mwaka wanatangaza, lakini mtoto akiwa anaharisha usiku tangazo halisomeki. Mara ya pili ndiyo ikawa miti yenyewe. Kila alichouza kilimpa wiki na kikamnyang'anya mwaka.

Njomba wa Tandahimba

Kangomba imemaliza nyumba nyingi kwetu. Watu wanaonekana na mashamba, korosho zinapimwa kwa mwingine.

Mkalimani wa Ohio

Salamu kutoka Columbus, Ohio. Mimi ni mtu wa Mikindani, huku ni mwaka wa 11. Kazi yangu ni ukalimani, na sehemu kubwa ya siku nakaa na familia za Kikongo zinazoongea Kiswahili, tunajaza fomu za msaada wa chakula. Swali la Mjukuu nalisikia kila wiki kwa maneno mengine: "Dada, nikisema nina gari watanikatia?"

Nieleze wenzetu wa huku walivyopanga. Si kwamba nataka tuige. Naeleza ili muone kuwa hata nchi tajiri imeumia kichwa na jambo hili. Mpango unaitwa SNAP, uko chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Unapewa kadi, kila mwezi inaingizwa fedha ya kununulia chakula tu. Kipimo kikubwa ni kipato. Mali nazo zina kikomo kwenye sheria ya taifa: tangu Oktoba 2024 ni dola 3,000 kwa kaya, na dola 4,500 ikiwa ndani yumo mtu wa miaka 60 au zaidi, au mwenye ulemavu.

Lakini angalieni kinachohesabiwa. Fedha taslimu inahesabiwa. Akiba ya benki inahesabiwa. Nyumba unayoishi na kiwanja chake havihesabiwi kabisa, hata iwe na paa la namna gani. Akiba za uzeeni kwa kawaida haziguswi. Gari ndilo lenye maneno mengi, na majimbo yana kanuni tofauti, ila gari la kutafutia riziki, kama teksi, linaachwa. Na mali ambayo huwezi kuifikia, kwa mfano imefungwa na deni au mwenzako wa umiliki hakuruhusu kuiuza, haiingizwi kwenye hesabu.

Mjukuu, soma sentensi hiyo ya mwisho tena. Mikorosho 14 ya bibi ni mali asiyoweza kuifikia.

Tena majimbo zaidi ya 40 yametumia nafasi iliyopo kwenye sheria kulegeza kipimo cha mali au kukiondoa kwa kaya nyingi. Sababu mojawapo ni kwamba kilikuwa kinawatisha watu wasiweke akiba. Mama anapata dola 500 za dharura, anazitoa benki na kuzificha ndani ya mto, kwa kuogopa kukatiwa. Kipimo kinapomfanya maskini aogope kujikusanyia, kimeshakuwa mzigo mwingine.

Naelewa Newala si Columbus. Huku kipato kina karatasi, huko hakina. Ila hoja ya nyumba, ya chombo cha riziki na ya mali iliyofungwa inavuka bahari bila shida.

Binti Mchinga

Dada, asante. "Chombo cha riziki kinaachwa." Laiti baba angesikia.

Mzee wa Nachingwea

Binti wa Ohio, umenipa la kufikiri. Akiba ihesabiwe, kibanda kiachwe. Hapo nakubali. Ila kwetu akiba haiko benki, iko kwenye mbuzi na kwenye magunia ya ufuta. Kwa hiyo mbuzi 15 ni benki. Kuku 4 si benki.

Mdodosaji Mstaafu

Nimerudi, na nimefurahi kuona mzee amefika penyewe kabla yangu. Wafanyakazi wa njaa waliobobea wana namna ya kupanga hilo, na nitaieleza kama nilivyofundishwa.

Mali za kaya zina ngazi, na ngazi inajulikana kwa kuuliza: ikiuzwa, nini kinavunjika? Ngazi ya kwanza ni vitu kama redio, kiti, saa ya ukutani. Ukiuza umepungukiwa, hujavunjika. Ngazi ya pili ni zana za kazi: jembe, cherehani, baiskeli ya mzigo, nyavu. Ukiuza hizo umeanza kula kesho yako. Ya tatu ni nyumba, ardhi, mnyama jike wa mwisho. Aliyefika hapo yuko kwenye hali ya dharura, haihitaji mjadala. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani linauliza kaya kama zimeshauza vitu hivyo kwa ajili ya chakula, na jibu la ndiyo linahesabiwa kama dalili ya njaa. Mmeona tofauti? Dodoso moja linauliza "unacho?" na kukutoa. Jingine linauliza "umelazimika kukiuza?" na kukuingiza. Bibi aliweka miti rehani ili kutibu na kulisha. Kwenye dodoso la pili hilo ni jeraha.

Kijana wa Masasi, ndiyo maana "uza ule" haifai kuwa kanuni. Kanuni ya namna hiyo inamsubiri mtu afike ngazi ya tatu, na aliyefika huko hurudi kwa gharama kubwa kuliko magunia 2 ya mahindi.

Sasa kuhusu mstari aliousema mzee, maana ni kweli lazima uwepo. Kuna kipimo ambacho hakitazami paa wala shamba. Kinatazama chungu. Chukua siku 7 zilizopita. Andika ni siku ngapi kaya ilikula kila kundi. Vyakula vya wanga, yaani nafaka, muhogo, viazi, siku zake zidisha kwa 2. Kunde, mbaazi, maharage zidisha kwa 3. Mboga kwa 1, matunda kwa 1. Nyama, samaki, mayai kwa 4. Maziwa kwa 4. Mafuta kwa nusu, sukari kwa nusu. Jumlisha. Ikiishia 21 au chini, hali ni duni. Juu ya 21 hadi 35 ni mpakani. Juu ya 35 kaya inajimudu.

Kaya inayokula ugali wa muhogo na kisamvu kila siku bila kingine inapata 14 na 7, yaani 21. Tumbo limejaa, na bado iko chini. Watu wengi wa kwetu hawaamini mpaka wajumlishe wenyewe.

Si kwamba kipimo hiki hakidanganywi. Kinadanganywa, mtu anaweza kumficha samaki kama anavyoficha mbuzi. Ndiyo maana mimi naamini vitu vitatu vikae pamoja: chungu cha siku 7, mali kwa ngazi zake, na mkutano wa kijiji kusikiliza. Indonesia waliwahi kulinganisha katika vijiji 640: hesabu ya mali kwa upande mmoja, wanakijiji kuchagua wenyewe kwa upande mwingine. Hesabu iliwakamata maskini wa kipato vizuri kidogo zaidi. Wanakijiji waliridhika zaidi na orodha waliyoitengeneza wao, kwa kuwa umaskini waliuona kwa macho ambayo dodoso halina: mjane, yatima, asiye na ndugu wa kumkopesha.

Mjukuu, fanya hivi. Kaa na bibi, andika siku 7 zake kwa mkono. Karatasi ya pili andika mali, na mbele ya kila mali andika inatoa nini kwa mwezi na kama iko huru au imefungwa. Kwa miti ya rehani, mwombe mwenye kuishika aandike au aje aseme mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kwa bati, andika kwamba ndiyo chanzo cha maji. Peleka kwa mtendaji wa kijiji, uombe majina yasomwe kwenye mkutano. Baki na nakala. Usiende kwa hasira, baadhi ya vijana wale wanalipwa kwa idadi ya kaya wanazomaliza kwa siku.

Wa Ndanda

Nyongeza ndogo kuhusu mikorosho ya mjane. Mikoa yetu, hasa kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, na mume akifa wapwa zake wanaweza kuja kudai miti. Mjane anaulizwa "mikorosho mingapi?" anataja anayoipalilia, kumbe msimu ukifika wanaovuna ni wengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, lakini mjane mwenye njaa hana nauli ya kwenda barazani. Dodoso liulize nani anavuna na nani anapokea malipo chama cha msingi cha ushirika kikilipa. Jina lililoko kwenye stakabadhi ndilo lenye mali.

Kijana wa Masasi

Nimesoma yote. Nimemfikiria mama yangu mkubwa, ana cherehani na ningemwambia auze. Narudisha neno langu.

Mjukuu wa Newala

Wadau, nawaletea yaliyojiri.

Nilipanda Jumamosi. Usiku tulikaa na bibi kwa taa ya sola ndogo, nikaandika siku 7. Hakupenda mwanzoni, alisema kula kwa mtu si jambo la kuandika. Mtoto mkubwa, ana miaka 11, ndiye aliyekumbuka kila kitu, siku kwa siku, hata uji uliobaki asubuhi ya Jumatano na nani alipewa. Muhogo siku 7: 14. Kisamvu na majani mengine siku 6: 6. Sukari siku 2, jirani aliwagawia: 1. Samaki hakuna. Mbaazi hakuna. Mafuta hakuna. Jumla 21. Nilipiga hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Karatasi ya mali nilifanya kama alivyoelekeza mzee wetu mstaafu. Mwenye kushika mikorosho alikubali kuja. Namshukuru, hakuwa na lazima.

Mkutano ulifanyika Jumanne chini ya mwembe. Mtendaji alisoma orodha yote, jina kwa jina, kisha akauliza nani ana la kusema. Nilisoma karatasi zetu. Niliposema bati ndilo bomba letu, akina mama walipiga vigelegele. Mwenye rehani akasimama, akasema miti 14 ni kweli iko kwake hadi msimu wa mwakani. Mzee mmoja akataja majina mawili yaliyomo kwenye orodha yenye pikipiki mbili mbili, kukawa na kelele, mwenyekiti akatuliza. Wameandika muhtasari, majina 6 ya kuongezwa, bibi akiwa wa tatu. Umepelekwa wilayani. Bado tunasubiri, mahindi hayajafika.

Aliyenibana moyo ni mzee wa nyumba ya pili kutoka kwa bibi. Anaishi peke yake, kaandikwa ana baiskeli na shamba ekari 3. Baiskeli anaitegemea kama fimbo, haipandi, mguu mmoja umekufa ganzi. Shamba halijalimwa mwaka wa tatu. Hakuja mkutanoni kwa sababu hawezi kufika, na hakuna aliyemtaja, nami nikiwemo. Nimekumbuka nikiwa ndani ya basi narudi Mtwara.

Jumamosi hii napanda tena na daftari. Njomba wa Tandahimba, kama uko karibu na njia, naomba tufuatane, maana barua yake itahitaji shahidi asiye ndugu.

Njomba wa Tandahimba

Nipo. Nitakusubiri stendi ya Newala saa mbili asubuhi.